Pacha wangu wako Year 5 hapa Grantham, niwapeleke kwenye mtihani wa 11+ au niachane nao?

mamapacha_tanga:

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Uingereza huku mikoani, sio London. Mimi ni nesi, nimetokea Tanga, huu mwaka wa pili niko Grantham, kamji ka Lincolnshire, kwa treni kutoka London King's Cross ni kama saa moja na kidogo. Mji wenyewe wa soko, Jumamosi wanapanga meza wanauza mayai, maua na soksi, ukizunguka nusu saa umemaliza mji wote na umeshasalimiana na watu watano wa wodini kwako.

Nina pacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, miaka 10, wako darasa wanaloliita Year 5. Juzi getini shuleni mama mmoja wa kizungu akaniuliza "wako umeshawaandikisha 11+?" Mimi na unesi wangu nikajua ni chanjo, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba chanjo zao zote zimekamilika. Akacheka mpaka akashika geti. Kumbe ni mtihani.

Ndo akanielekeza kwamba hapa kuna sekondari mbili za grama, za serikali, hazina ada, ila unaingia kwa mtihani. Ya wavulana ni King's, aliyosoma Isaac Newton, ya wasichana ni Kesteven and Grantham Girls', aliyosoma Margaret Thatcher, yule waziri mkuu wa zamani. Asiyefaulu anaenda hizi nyingine za kawaida. Yani kwa akili zetu za nyumbani ni kama Ilboru na Kilakala zote ziwe mtaa wa pili na mtoto anakwenda kwa miguu halafu jioni anarudi kula kwako. Nani atakataa?

Sasa tatizo. Nimewapakulia karatasi za mfano kwenye intaneti, za maumbo, unaambiwa umbo lipi linafuata. Kulwa kakaa nalo kama anacheza bao, kamaliza, kaomba jingine. Doto swali la tatu akaanza kulichorea lile umbo macho na mdomo. Sio mjinga, jamani, anasoma vitabu vya dainosaria mpaka namzimia taa, ila ukimwekea saa mbele anaganda. Baba yao anasema wote wafanye na liwalo na liwe. Mimi roho inasita, mmoja akipita mwingine akabaki hiyo nyumba itakalika kweli? Na pia mwezi wa tisa tuna harusi ya mdogo wangu Tanga, sijui kama inagongana na huo mtihani. Naombeni mawazo, ila msinitukane.

Kipanga_wa_Baridi:

Dada karibu sana, mimi pia nipo hapohapo Grantham, dogo wangu yuko King's Year 8, kwa hiyo naongea nilichokiona na sio cha kusimuliwa.

Kwanza harusi. Mtihani wa Lincolnshire unafanyika mwezi wa tisa wakiwa ndo wameanza Year 6, karatasi mbili siku mbili tofauti, moja ya kufikiri kwa maneno na nyingine ya kufikiri kwa maumbo, hayo uliyoyaona. Hakuna hesabu ya gawanya zidisha, hakuna insha. Na kujiandikisha ni mapema, wakiwa bado Year 5, usije ukangoja shule zifunguliwe Septemba ukakuta mlango umefungwa. Ingia kwenye tovuti za hizo shule zenyewe wiki hii, tarehe zipo.

Alama za karatasi mbili wanazipima kulingana na umri, maana huku darasa moja wanakaa waliozaliwa Septemba mpaka Agosti, sasa wa Agosti kazidiwa karibu mwaka mzima na mwenzake, kwa hiyo wanamsawazishia. Ukijumlisha, mtoto akifika 220 kafaulu. Ila kufaulu sio kupata nafasi, shule ikijaa kila moja ina vigezo vyake vya nani aanze, visome vizuri.

Sisi tulianza mwezi wa pili, dakika 20 kila siku mezani jikoni baada ya chai, basi. Sikulipa tuisheni. Kuna wazazi wanalipa mwalimu wa nyumbani kila wiki mwaka mzima na watoto wao wanatembea kama wazee wa baraza, mimi hela hiyo sina. Kitu kikubwa ni spidi, maswali ni mengi na muda mfupi, mtoto asiyezoea anaishia katikati anaangalia dari.

Na nikwambie kitu kimoja. Tulipoenda ile jioni ya wazazi kutembelea shule wakatuingiza jengo la zamani la mawe, liko jirani na kanisa la St Wulfram lile lenye mnara mrefu. Kwenye jiwe la dirisha kuna majina watoto wa zamani walichonga kwa visu, na moja ni I. NEWTON. Dogo akaweka kidole kwenye ile herufi ya N akakipitisha polepole, halafu akanigeukia akauliza kwa sauti watu wote wasikie, "baba, huyu hakuchapwa?" Nilitamani nijifiche. Lakini toka siku ile sikumsukuma tena, anajiamsha mwenyewe anafungua karatasi.

Wote wafanye. Ukimwacha Doto nje kabla hata hajajaribu, akikua atakuuliza.

Chaki_na_Vumbi:

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na Kipanga, anisamehe. Ni msaidizi wa mwalimu sekondari, mji mwingine wa soko, sio Lincolnshire, kwetu hakuna 11+, watoto wote wa mji wanaingia shule moja, wa daktari na wa dereva wa lori.

Watu wengi wanafikiri hizi grama ndo mfumo wa Uingereza. Sio. Zamani ndio, ile sheria ya elimu ya 1944 ilifanya sekondari kuwa bure, na sehemu nyingi watoto wakawa wanachujwa wakiwa na miaka 11, wachache wanaenda grama, wengi wanaenda shule zilizokuwa zinaitwa sekondari za kisasa, na hiyo kisasa ilikuwa jina tu. 1965 serikali ya chama cha Labour ikatoa waraka kuziomba halmashauri ziache kuchuja. Wengi wakaacha, wachache wakagoma, Lincolnshire na Kent ni mfano. Leo England nzima zimebaki 163 kati ya sekondari za serikali zaidi ya 3,000, na tangu sheria ya 1998 hairuhusiwi kuanzisha mpya. Kwa hiyo dada yangu umeangukia kisiwa, sio bara.

Na kichekesho chenyewe ni huyohuyo Thatcher wenu. Binti wa muuza duka wa North Parade, kasoma hiyo shule ya wasichana mpaka akawa kiranja mkuu, halafu alipokuwa waziri wa elimu 1970 mpaka 1974 akaidhinisha grama nyingi zigeuzwe shule za wote kuliko waziri mwingine yeyote wa elimu. Aliufuta ule waraka wa 1965 kweli, lakini maombi ya halmashauri yalikuwa yanamiminika na yeye anasaini. Sanamu yake si mnayo hapo mjini, iliwekwa Mei 2022 juu ya msingi wa futi 10 ili watu wasiifikie, na siku hiyohiyo jamaa akaipiga mayai. Labda aliyanunua sokoni hapo Jumamosi, sijui.

Ninachotaka kusema ni hiki, mtoto wa miaka 10 hatakiwi kuambiwa yuko kundi gani la binadamu. Hapa kazini nimekuwa na watoto waliohamia kutoka miji ya kuchuja, wanakuambia wenyewe bila kuulizwa, "mimi nilifeli". Ana miaka 13! Kafeli nini? Maumbo. Kwetu sisi mtoto wa darasa la saba akikosa shule ya vipaji anaenda ya kata na kila mtu anajua ni bahati na foleni, hakuna anayesema akili yake imeishia hapo. Huku wanaliamini.

Newton mwenyewe mwanzoni pale King's inasimuliwa alikuwa wa mkiani darasani. Mama yake akamtoa shule akalime na kuchunga kondoo kule kijijini kwao Woolsthorpe, kondoo wakawa wanakula mazao ya majirani yeye anasoma chini ya uzio, mpaka mwalimu mkuu akamfuata mama amrudishe. 1661 akaenda Cambridge. Sasa huyo Doto anayechorea maumbo macho unajuaje.

Njiwa_Sleaford:

Mama Pacha hujambo, mimi ni Mkenya niko Sleaford, jirani yako kabisa, na huku pia ni hivyohivyo, grama ya wavulana, grama ya wasichana, na ya wote. Wacha nikuambie yaliyonipata maana hapa wanaume wanabishana historia na mimi ndiye nililia.

Binti yangu mkubwa alikosa kwa pointi nne. Nne! Alikuwa amezoea KCPE ya binamu zake huko nyumbani, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwamba unasoma kitabu unajibu ya kitabu, hii ya maumbo hakuna kitabu. Barua ilikuja mwezi wa kumi kwa imeili nikiwa kazini, nimeshika trei ya dawa, nikaisoma kwa simu nikaenda kusimama stoo dakika tano. Sio juu yake, ni juu yangu, nilikuwa nimewaambia watu kanisani tayari. Hilo ndilo kosa langu, usilirudie, usimwambie mtu hata mmoja mpaka jibu litoke.

Nikakata rufaa. Kuna haki hiyo, unaandika, unaitwa mbele ya jopo la watu watatu ambao hawafanyi kazi hiyo shule, unajieleza. Nilienda na ripoti zake na barua ya mwalimu wa praimari. Wakanisikiliza kwa heshima sana na wakakataa kwa heshima sana. Na sitasema ni shule gani, lakini yule bibi wa ofisini aliyeniambia "labda angekuwa na raha zaidi mahali pengine" bado namkumbuka sauti.

Sasa sikiliza upande wa pili. Hiyo mahali pengine yuko Year 10. Wanapangwa kwa seti, yaani makundi ya uwezo, kila somo, yuko seti ya kwanza ya hesabu, anafanya sayansi zote tatu, na ile kwamba ni wa juu darasani badala ya wa mkiani kwingine imemjenga, alikuwa haongei, sasa anabishana na mimi kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Lincolnshire mpaka baba yake anatoka chumbani. Na akipata vizuri GCSE zake, ile mitihani ya taifa, akiwa 16 anaweza kuomba kidato cha juu hukohuko grama, wanapokea watoto wa nje kwa alama zao. Kwa hiyo mlango wa 11 ukifungwa kuna wa 16, hiyo watu hawakuambii getini.

Mdogo wake tukampeleka kwa mtihani bila presha, akapita. Wako shule mbili tofauti, yunifomu mbili, mabasi mawili, na mimi ndiye nateseka na kupiga pasi. Wao hawana shida. Ila wangu wana tofauti ya miaka mitatu, pacha sijui.

Kobe_Mpole:

Mimi ni msomaji tu huwa sichangii lakini hivi mmeona kitu hapo? Mnajadili mmoja akipita mwingine akikosa watatengana. Hata wakipita WOTE wanatengana. King's ni ya wavulana, ile nyingine ya wasichana. Pekee watakapokaa pamoja ni wakienda hiyo ya mchanganyiko.

Haya naendelea kusoma kimya.

mamapacha_tanga:

Kobe wewe!! Nimekaa chini. Wiki mbili sijalala nawaza watatengana, na muda wote jibu liko kwenye jina la shule, "Girls'". Nimemwonyesha baba yao akaangalia simu muda mrefu akasema "kumbe", akaenda kupika.

Hawajawahi kutengana hawa, hata siku ya kwanza shule hapa mwalimu mkuu alitaka kuwaweka madarasa mawili nikakataa. Tulipofika walikuwa wametoka darasa la tatu Tanga, Kiingereza cha Doto kilikuwa "may I go out" tu, wakaingizwa Year 4 moja kwa moja kwa umri, nikaomba warudie mwaka mmoja washike lugha, nikaangaliwa kama nimeomba kitu cha ajabu. Huku hakuna kurudia darasa bwana. Kulwa ndo alikuwa anamtafsiria mwenzake chini ya meza mwezi mzima. Chaki umenigusa hapo kwenye "mimi nilifeli", Njiwa na wewe pole sana na asante kwa ukweli, hiyo ya kanisani nimeisikia, nimeshamwambia mmoja tu, nitamnyamazisha.

Maswali: kama wamefanya mtihani nalazimika kuchagua grama? Na harusi je, nikiwatoa shule wiki moja tu?

Bodaboda_Lincs:

Dada mimi nikujibu ya makaratasi, hayo ndo nayaweza.

Hulazimiki. Mtihani hauna ada, matokeo yanatoka mwezi wa kumi, na fomu ya kuchagua sekondari inafungwa tarehe 31 mwezi huohuo wa kumi. Kwa hiyo unajaza ukiwa umeshajua nani kapata nini, hiyo ndo raha yake. Fomu ni ya halmashauri na kila mtoto na yake, pacha sio fomu moja, watu wanajisahau. Unapewa machaguo angalau matatu, YAJAZE YOTE, na shule haioni umeiweka namba ngapi, kwa hiyo usiogope kuanza na unayoitaka kweli. Usiache nafasi wazi ukidhani ndo msisitizo, wakikunyima hiyo moja wanakupangia penye nafasi, hata kama ni mbali. Majibu yanatoka tarehe 1 Machi kwa nchi nzima.

Na wale wenye visa iliyoandikwa huna haki ya msaada wa serikali, kusoma shule ya serikali hakuhesabiwi humo, mtoto asome kwa amani. Nasema kwa ajili ya wanaosoma kimya kama Kobe.

Harusi sasa. Tangu Agosti 2024 faini ya kumtoa mtoto shule bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, zikipita inakuwa 160. Wewe una pacha na mume, piga hesabu, 80 mara nne ni 320, na ukichelewa 640. Hapo bado hujanunua kitenge. Na ikiangukia siku ya mtihani ndo umemaliza kabisa. Ongea na mdogo wako asogeze harusi Agosti, huku wamefunga.

Kipanga_wa_Baridi:

Kasogeze harusi kweli Bodaboda? Unawajua Watanga wewe? Ukumbi umeshalipiwa tangu Ramadhani iliyopita.

Chaki usinielewe vibaya, sipingi ulichosema, mimi mwenyewe naona rafiki yake mkubwa wa dogo wangu wa praimari, walikuwa wanakuja wote nyumbani kula wali, alikosa, na sasa wakikutana njiani wanasalimiana kwa kichwa tu. Hilo linaniuma. Ila mfumo nimeukuta, sikuujenga.

Chaki_na_Vumbi:

Nimekuelewa mkuu. Mimi ningekuwa hapo Grantham na mtoto wa miaka 10 sijui ningefanya nini, kusema kweli. Mdomo ni rahisi.

Dada kitu kimoja tu, kabla hujaamua kazitembelee zote, na ile ya mchanganyiko pia, siku ya kawaida kama wanaruhusu, sio jioni ya maua na keki. Angalia korido watoto wanapobadilisha vipindi. Usomapo ripoti za wakaguzi usitafute lile neno moja la jumla, tangu Septemba 2024 wameacha kulitoa, soma ndani.

mamapacha_tanga:

Nimerudi wakuu. Dada wa bwana harusi kasema hapana, Agosti haiwezekani, nimeambiwa nitume picha na mchango. Basi nitatuma mchango, Mungu anajua.

Jana nikawakalisha pacha mezani nikawaeleza yote, mtihani, shule ya wavulana, ya wasichana, ya wote. Nilijua Kulwa atasema anataka grama, kakataa, kasema yeye anataka kwenda Doto anapokwenda kwa sababu Doto anasahau koti. Doto naye nikamsimulia ya Newton na lile dirisha, nikidhani atachoka katikati. Akaniuliza mambo mawili, kisu kilikuwa cha aina gani, na kama shule bado wanaruhusu. Anataka mtihani sasa. Leo asubuhi kafanya maswali 11 kabla ya uji na hajachora macho hata moja, ila pembeni ya karatasi kaandika D. kwa herufi kubwa ya kuchongachonga na penseli imetoboa mpaka kitambaa cha meza.

Kwa hiyo niko palepale nilipoanza ila kwa kugeuzwa.

Njiwa_Sleaford:

Hahaha Doto! Mfichie visu mama.

Fomu ya kujiandikisha umejaza?

mamapacha_tanga:

Ya Doto nimeanza, ya Kulwa bado tunabishana. Naingia shifti saa moja usiku, nikitoka asubuhi nitamalizia.